Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kufufua na kuhamisha databesi za meinfremu bila kufunga kazi

Mengi ya haya nayapata kwa WhatsApp, tena usiku, tena kwa sauti ya mtu ambaye bosi wake amesimama nyuma yake. Nimeyaweka pamoja. Kama una haraka sana manake databesi imelala sasa hivi, ruka mpaka swali la nne.

Kwani bado kuna meinfremu hapa Mombasa?

Ntasema ukweli. Meinfremu yenyewe, ile kompyuta kubwa ya IBM kama kabati inayoendesha mfumo wa z/OS, huku Pwani ni nadra kuikuta. Mara nyingi unaambiwa "sisi tuna meinfremu", ukifika kwa chumba cha sava unakuta AS/400, kompyuta nyingine ya IBM ndogo kuliko hiyo, imekaa pembeni na vumbi lake. AS/400 ilitoka 1988 na IBM wenyewe hawaiiti meinfremu, sikuizi mfumo wake unaitwa IBM i, lakini shida zake na za meinfremu ni ndugu: herufi za EBCDIC (namna ya IBM ya kuhifadhi herufi), namba zilizobanwa, programu za lugha za RPG ama COBOL ambazo mzee aliyeziandika alistaafu akarudi kwao, na databesi ambayo hakuna aliyethubutu kuizima mchana. Alafu kuna wale ofisi yao iko Moi Avenue lakini databesi iko Nairobi ama ng'ambo kwa kampuni mama. Hao pia yanawahusu, manake ikilala kule foleni ni huku.

Kama inafanya kazi tuihamishe ya nini?

Wakati mwingine jibu ni msiihamishe, na mimi nshawaambia watu hivyo wakanuna. Mtu akikwambia meinfremu imekufa mwambie IBM walitangaza z17 mwaka wa 2025, na ukoo wenyewe ni ule ulioanza na System/360 tarehe 7 Aprili 1964. IMS, ambayo ni databesi ya mti, yaani rekodi ya mzazi na watoto wake chini, ilianzia kazi ya Apollo ya kupeleka watu mwezini na iliwashwa mara ya kwanza 1968, na mpaka leo kuna benki duniani zinaitegemea. Uzee peke yake si ugonjwa.

Ugonjwa ni pale hakuna mtu chini ya miaka hamsini anayejua jobu, yaani kazi inayojiendesha yenyewe, ya saa saba usiku inafanya nini. Ama leseni inakula bajeti yote. Ama kila ukitaka kuunganisha na simu unaambiwa ngoja faili ya kesho asubuhi. Hilo la simu ndilo lililotubana huku, kwa sababu zamani benki ikifunga saa kumi jioni bachi, yaani jobu za kushughulikia miamala yote kwa mkupuo, ilikuwa na usiku mzima wa kucheza, lakini tangu M-Pesa ije 2007 na mabenki yakajiunga nayo, mtu wa Likoni anataka kutoa pesa kwa akaunti saa sita usiku na anataka sasa hivi.

Tuanze wapi?

Msianze na kuhama. Anzeni na kurudisha.

Chukua bakapu ya juzi, tafuta mashine ama kipande cha mashine pembeni, irudishe yote, fungua tebo, fanya hesabu ya salio la jumla ulinganishe na riporti ya siku hiyo. Ukiweza, andika ilichukua muda gani. Ukishindwa, mradi wa kuhama usimame hapo hapo hata kama mkandarasi ameshapata hoteli Nyali. Watu wengi wanadhani wana bakapu kwa sababu jobu ya bakapu inamaliza na sifuri, yaani bila kosa, kila usiku, kumbe jobu inamaliza na sifuri kwa sababu imekopi kile ilichoambiwa ikopi, na tebo tatu ziliongezwa miaka baadaye na hakuna aliyeiambia.

Kingine, kuhama kwenyewe ni aina ya kurudisha. Unachukua nakala, unaiweka pahali pengine, unaongezea yaliyotokea baada ya nakala, unahakikisha. Timu ambayo haijawahi kurudisha databesi yake kwa mashine ile ile, ati itairudisha kwa mashine tofauti, kwa herufi tofauti, usiku mmoja, na wateja wamengoja? Muda mfupi wa kufunga mnaununua miezi kabla, kwa mazoezi haya haya ya kuchosha.

Databesi imeharibika sasa hivi nifanye nini???

Kwanza acha kuiwasha-washa. Kila ukiwasha unaandika juu ya ushahidi na pengine juu ya logu, yaani kumbukumbu ya kila badiliko, unayoihitaji. Andika saa shida ilipoanza, andika ujumbe wa kosa neno kwa neno, zuia jobu za bachi zilizo kwa foleni, na hakikisha hakuna anayefuta logu za zamani kupata nafasi ya diski. Ndiyo, kuna watu hufanya hivyo.

Alafu jiulize imeharibika vipi. Kama ni diski imekufa, unataka kurudi mpaka dakika ya mwisho. Kama ni programu ama mtu ameandika upuzi, unataka kurudi mpaka dakika moja kabla ya upuzi. Hizo ni safari mbili tofauti na ukichanganya unarudisha upuzi pamoja na data, kwa uaminifu kabisa.

Kwa DB2, databesi ya tebo ya IBM, njia inajulikana: RECOVER inachukua nakala nzima ya mwisho ya tebo, inaongeza zile nakala ndogo za mabadiliko kama zipo, alafu inasoma logu kuanzia hapo na kurudia kila badiliko mpaka pale ulipoiambia isimame. Ukimaliza unajenga indeksi upya na unapitisha CHECK DATA kuona kama watoto wote bado wana wazazi. Kwa IMS kuna DBRC ambayo inaweka kumbukumbu ya nakala na logu gani zinahitajika, iamini hiyo kuliko daftari la mtu. Kwa AS/400 unarudisha maktaba kutoka kwa tepu alafu unapitisha jono (ndiyo logu ya huko) kwa amri ya APYJRNCHG, lakini hilo ni kama faili zilikuwa zimewekewa jono tangu mwanzo, na nyingi hazijawekewa. VSAM, yaani faili za data za meinfremu, inayoandikwa na bachi mara nyingi haina logu yoyote ya kukuokoa, unarudisha nakala ya kabla ya bachi na unaendesha jobu upya kwa mpangilio ule ule, ndiyo maana faili za kuingiza za jana hazitupwi leo.

Inachukua muda gani? Fanya hesabu ya logu. Kama nakala nzima inachukuliwa Jumapili na diski imekufa Jumamosi una logu za siku sita za kupitia, na hapo ndipo masaa yanapoenda. Nakala ya kila usiku inakula tepu lakini inakuachia siku moja tu. Bosi akiona tepu ni ghali mwonyeshe hesabu hiyo, usimwonyeshe kitu kingine.

Tumepata tepu za miaka ya themanini stoo, zinasomeka?

Pengine. Usiziweke kwa mashine kujaribu!! Stoo ya Mombasa ina joto, ina unyevu, ina chumvi hewani, na gundi inayoshika ule unga wa sumaku kwa tepu nyingi za zamani hunyonya maji ikawa inanata, ukiipitisha kwa kichwa cha kusomea unga unabanduka na data yako inabaki kwa kichwa. Kuna mafundi wanaozikausha kwa joto la taratibu, kama nyuzi 50 hivi, kwa masaa mengi, alafu wanazisoma mara moja tu na kukopi biti zote zilivyo kabla ya kujaribu kuelewa chochote. Si kazi ya oveni ya nyumbani.

Habari njema ni kwamba data yenyewe ni kidogo. Kaseti ya 3480 iliyotoka 1984 ilikuwa na megabaiti 200. Stoo nzima inaweza kuingia kwa flashi moja. Kilicho kigumu ni kujua rekodi ilipangwaje, kwa hivyo kabla ya kutafuta mashine ya kusomea tafuteni karatasi: kopibuku ya COBOL (maelezo ya kolamu za rekodi zilivyopangwa), lebo za tepu, hata riporti moja iliyochapishwa wakati huo ya kulinganishia.

Tulihamisha faili kwa FTP, majina yako sawa lakini pesa zimekuwa takataka. Databesi imeharibika?

Haijaharibika, mmeiharibu njiani, na nakala ya asili bado iko salama, pumueni.

Angalia hivi. Mteja ana salio la shilingi 1,250.75. Kwa COBOL kolamu imeandikwa S9(7)V99 COMP-3, yaani tarakimu tisa, mbili kwa kila baiti, nusu baiti ya mwisho ni alama ya jumlisha au toa, na nukta haihifadhiwi kabisa, iko kwa kopibuku tu. Kwa diski zinakaa baiti tano: 00 01 25 07 5C. Hiyo C mwisho inamaanisha salio ni chanya, D ingekuwa deni.

Sasa wewe ukaiambia FTP, ile njia ya kutuma faili, ihamishe kwa mtindo wa maandishi. Ikaona kila baiti ni herufi ya EBCDIC na ikaibadilisha kwenda ASCII, herufi za kompyuta za kawaida. Kwa EBCDIC 25 ni mwisho wa mstari, ikawa 0A. 07 ikawa 7F. 5C ni nyota, ikawa 2A. Umebaki na 00 01 0A 7F 2A, ambayo si namba ya mtu yeyote, na juu ya hapo rekodi imekatika katikati kwa sababu imeona mstari mpya. Jina la mteja limefika vizuri kwa kuwa jina kweli ni herufi, A ni C1 kule na 41 huku, tafsiri yake ni halali. Ndiyo maana watu wanaangalia majina wanasema "iko sawa" wanaenda kula.

Dawa: hamisha kwa mtindo wa bainari, baiti kwa baiti, alafu tafsiri kolamu kwa kolamu ukifuata kopibuku. Na angalia REDEFINES, pale kipande kimoja cha rekodi kina maana mbili kutegemea aina ya rekodi, programu ya kutafsiri haiwezi kukisia, lazima mtu aiambie.

Tunaweza kuhama bila kufunga hata dakika moja?

Sifuri kabisa usiahidi. Dakika chache inawezekana, na anayeahidi sifuri mwulize atarudi nyuma vipi akikwama uone uso wake.

Inavyoenda ni kwamba mnachukua nakala ya kwanza ya data yote mnaipakia kwa databesi mpya, tuseme PostgreSQL, na hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa, haijalishi, ya zamani inaendelea na kazi. Wakati huo huo kuna programu inasoma logu ya databesi ya zamani na kupeleka kila badiliko kwa mpya kwa mpangilio ule ule. Mwanzoni mpya iko nyuma sana, pole pole inafikia, mpaka tofauti inakuwa sekunde. Alafu mnaziacha ziende pamoja, na hapa msiwe na haraka, wacheni zipite mwisho wa mwezi angalau mmoja, kwa sababu bachi ya mwisho wa mwezi inabadilisha mamilioni ya rekodi kwa mkupuo na ndipo mtakapojua kama bomba, yaani hiyo programu ya kupeleka mabadiliko, linatosha.

Usiku wenyewe, kwa mfano, saa nne mnafunga kuandika lakini kusoma mnaacha, mteja anaona salio ila hawezi kutuma. Mnangoja foleni ya mabadiliko ifike sifuri. Mnachukua jumla pande zote mbili. Mnageuza programu zielekee kwa mpya, mnafungua tawi moja dogo kwanza, mfanyakazi halisi anafanya muamala halisi wa shilingi mia. Na jambo ambalo watu wengi wanaruka: mnageuza lile bomba, sasa mpya inapeleka mabadiliko kwa ya zamani, ili kesho saa nane mchana mkigundua shida mnaweza kurudi bila kupoteza miamala ya asubuhi. Bila hilo, kurudi nyuma kunakuwa hadithi tu ya kwenye mpango.

Saa ya mwisho ya kuamua iandikwe na jina la anayeamua. Ikifika saa nane usiku jumla hazijalingana, mnarudi, hakuna "ngoja dakika tano".

Bosi anataka wikendi moja, kila kitu, tumalize.

Mwambie habari za benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 walihamisha wateja karibu wote kwa mkupuo mmoja, data yenyewe ilifika vizuri lakini sistimu mpya haikubeba mzigo, wateja kama milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, na Desemba 2022 wakapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Ama benki ya RBS, huko huko, Juni 2012: hawakuwa wanahama hata, walikuwa wanasasisha programu inayopanga jobu za bachi, ikaleta shida, wakajaribu kurudi nyuma, kurudi nyuma ndiko kukaharibu zaidi. Zaidi ya wateja milioni 6.5 wakaathirika na faini ya 2014 ilifika pauni milioni 56 kwa jumla. Hizo ni benki zenye pesa na watu.

Hameni kwa vipande. Tawi kwa tawi, ama bidhaa kwa bidhaa. Na tarehe chagueni kwa akili: si mwisho wa mwezi mishahara ikiingia, si wiki ya Idd, si Desemba watalii wamejaa, si Januari watu wanalipa karo. Ukitoa hizo utaona mwaka ni mfupi, ndiyo ukubwa huo.

Bakapu ya moja kwa moja iwekwe Nairobi?

Iwekwe, lakini si kwa mtindo wa kungojana. Kuna mtindo ambao diski ya hapa haisemi "nimeandika" mpaka ya kule iseme pia, na kuna ule ambao hapa inaendelea na kule inafuata nyuma kidogo. Wa kwanza haupotezi kitu lakini una umbali wake, Metro Mirror, mtindo huo wa IBM, kwa mfano mwisho wake ni kilomita 300, na Nairobi ni kama 480. Mwanga ndani ya fiba unachukua kama maikrosekunde 5 kwa kila kilomita, kwa hivyo kwenda na kurudi ni karibu milisekunde 5 hata kabla ya vifaa vya njiani. Inaonekana si kitu. Sasa chukua bachi inayoandika mara milioni moja, moja baada ya nyingine: umeongeza kama saa moja na dakika ishirini kwa usiku wako.

Kwa hivyo ya kungojana iwe hapa hapa, mfano kisiwani na Miritini, na ya Nairobi ifuate nyuma. Na msidhani kioo, yaani hiyo nakala inayofuata kila badiliko, ni bakapu. Mtu akifuta tebo hapa inafutika na kule, haraka kabisa.

Kwa klaudi ya nje kumbukeni kebo za intaneti za baharini. Mombasa tuna bahati, SEACOM na TEAMS zilitua hapa 2009, EASSy ikafuata 2010, lakini Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja na mitandao ya Afrika Mashariki ikatambaa. Bomba lenu la mabadiliko lazima livumilie hiyo, na uvumilivu wake ni logu: wekeni logu za siku kadhaa bila kufuta. Ikifutwa kabla haijasomwa mnaanza kupakia upya kutoka mwanzo.

Tubadilishe na COBOL iwe Java wakati huo huo?

Hapana. Kitu kimoja kwa wakati. Namba zikikataa kulingana mtajuaje ni data ama ni programu?

Tutajuaje data yote imefika?

Kuhesabu rekodi ni mwanzo tu. Fanyeni jumla ya pesa kwa kila tawi, kwa kila aina ya akaunti, mpaka senti, pande zote mbili. Senti moja ikipotea msiiache, kuna kolamu mahali inakadiria tofauti. Angalieni tarehe za ajabu kama 99999 ambayo kwa mzee wa COBOL ilimaanisha "haina mwisho" na kwa databesi mpya inamaanisha kosa. Angalieni mpangilio: kwa EBCDIC herufi zinatangulia namba, kwa ASCII namba ndizo za kwanza, kwa hivyo riporti iliyokuwa inaanza na akaunti ya A sasa inaanza na ya 0, na programu inayotegemea mpangilio huo inaruka watu kimya kimya bila kosa lolote.

Alafu pelekeni riporti kwa mama wa uhasibu aliyekaa na hizo namba miaka ishirini. Ataona kitu ambacho skripti haijaona.

Tunaweza kufanyia majaribio data ya wateja halisi?

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na data ya majaribio ni data. Ficheni majina, namba za kitambulisho na za simu kabla haijaenda kwa laptopu ya mkandarasi. Ikivuja na ikaleta hatari kwa watu, Kamishna wa Data anatakiwa kujulishwa ndani ya masaa 72. Na kuipeleka nje ya nchi kuna masharti yake, mshirikisheni wakili mapema, si wiki ya mwisho.

Ya zamani tuizime lini?

Sio mwezi ujao. Ifungeni kuandika, iacheni kusoma, alafu wekeni ulinzi wa kuona nani bado anaigusa. Mtashangaa. Kuna jobu ya robo mwaka, kuna ya mwisho wa mwaka, kuna mkaguzi anayekuja mara moja na kutaka faili moja tu. Rekodi za kodi kisheria zinawekwa miaka mitano, kwa hivyo kabla ya kuzima toeni historia yote kwa muundo unaosomeka bila mashine hiyo, pamoja na kopibuku zake, na mjaribu kuisoma mahali pengine. Mwaka mzima ukipita na hakuna aliyeigusa, piteni kwa mhasibu mpate sahihi yake, ndipo mchomoe.